TB iliyolala, kisukari na bakteria wa tumboni: maswali ya wagonjwa

Nimepimwa nikaambiwa nina maambukizi ya TB, lakini sikohoi wala sina homa. Inakuwaje?

Uliwahi kuvuta hewa yenye vimelea vya TB, pengine miaka mingi iliyopita. Kinga ya mwili ikavizingira ndani ya pafu bila kuvimaliza. Viko hai ila vimetulia. Hiyo ndiyo TB iliyolala: huumwi na humwambukizi mtu, hata mtoto unayelala naye kitanda kimoja. Inakadiriwa kuwa robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa. Kati ya kila 100 wenye maambukizi hayo, 5 hadi 10 hivi ndio huja kuugua maishani mwao. Wengine huzeeka nayo bila kujua.

Kisukari kinaingiaje hapo?

Kisukari huongeza uwezekano wa kuugua TB mara 2 hadi 3, na hatari hupanda zaidi kwa mtu ambaye sukari yake haijadhibitiwa. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, chembe za kinga huchelewa kuvikabili vimelea, na hata zikifika hazifanyi kazi vizuri.

Kuna jambo linalotuponyoka mara nyingi. Mgonjwa wa kisukari akikonda, nyumbani watasema sukari imempanda, na yeye mwenyewe ataamini hivyo. Kukonda ni dalili ya TB pia. Ukipungua uzito huku unakohoa kwa wiki mbili, unatoka jasho usiku au unapata homa za jioni, omba upimwe makohozi. Usisubiri tarehe ya kliniki.

Bakteria wa tumboni wanahusikaje na mapafu? Mbona ni mbali!

Ni mbali, ila damu inapita kote. Kwenye utumbo mpana wamo bakteria wasiohesabika wanaokula nyuzinyuzi za maharage, mboga na nafaka zisizokobolewa, ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya. Wakishazichachua hutoa asidi ndogondogo, mojawapo ikiitwa butireti. Asidi hizi huingia kwenye damu na kuzifikia chembe za kinga.

Tafiti za China zilizochapishwa mwaka 2012 na za Uswidi zilizochapishwa mwaka 2013 zilionyesha kwamba watu wenye kisukari cha aina ya pili wana upungufu wa bakteria wanaotengeneza butireti. Mwaka 2015 watafiti wakagundua kwamba sehemu ya tofauti zilizokuwa zikionekana kati ya wagonjwa na wazima ilitokana na metfomini, dawa ya sukari wanayotumia wagonjwa, si kisukari chenyewe. Kwa upande wa TB, panya waliopewa antibayotiki hadi bakteria wao wa utumbo wakavurugika, kisha wakaambukizwa, walikutwa na vimelea vingi zaidi kwenye mapafu kuliko wenzao.

Hapo ni rahisi kukimbilia kusema kwamba butireti nyingi ni kinga ya TB. Mambo hayajanyooka hivyo. Maabara imeonyesha kuwa butireti inaweza kupunguza intaferoni-gama, kemikali ya kinga ambayo mwili unaihitaji ili kuvibana vimelea vya TB. Huko Afrika Kusini, watu wenye VVU waliokuwa na kiwango kikubwa cha asidi hizi kwenye damu ndio waliopata TB zaidi. Kwa hiyo akija mtu kukuambia amepata “bakteria wazuri” wa kuzuia TB, muulize ni wepi hao, na wamezuia kwa nani.

Basi ninywe mtindi, au dawa ya kusafisha tumbo?

Dawa ya kusafisha tumbo, hapana. Hakuna bidhaa ya tumbo iliyothibitishwa kuzuia TB isiamke. Mtindi usiotiwa sukari, kunde, mchicha na ugali wa dona kwa kiasi ni chakula kizuri kwa mwenye kisukari. Kula kwa sababu hiyo.

Ninachokisisitiza zaidi ni antibayotiki za kujinunulia. Zinavuruga utumbo, na zingine, kama levofloksasini, huituliza TB kwa muda. Kikohozi kinapungua, unadhani umepona, kumbe ugonjwa unaendelea na kipimo kinachelewa.

TB iliyolala inapimwaje?

Kwa sindano ya ngozi kwenye mkono, ambapo unarudi baada ya saa 48 hadi 72 uvimbe upimwe kwa rula (uvimbe mgumu ndio unaohesabiwa, wekundu hauhesabiwi), au kwa kipimo cha damu. Vyote viwili haviwezi kutofautisha TB iliyolala na iliyoamka. Ndiyo maana ni lazima uulizwe dalili, na pengine upigwe picha ya kifua, kabla ya kuanzishiwa dawa ya kinga, yaani ya kuzuia TB iliyolala isiamke.

Je, kila mwenye kisukari apewe dawa ya kinga?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 haukupendekeza kuwapima na kuwatibu wote kwa sababu ya kisukari peke yake. Ukiwa unaishi na mgonjwa wa TB, una VVU, au unasafishwa damu kwa sababu ya figo, wewe ni mlengwa. Utafiti wa PROTID uliandaliwa Tanzania na Uganda ili kujibu swali hilihili: wenye kisukari na TB iliyolala wapewe dozi ya dawa ya kinga iitwayo 3HP, au wasipewe?

Nikianzishiwa, dawa hizo hazitagombana na za sukari?

Zinaweza. 3HP ni isoniazidi na rifapentini mara moja kwa wiki, dozi 12. Rifapentini huharakisha ini kuzivunja baadhi ya dawa za sukari, kama glibenklamidi, hivyo sukari inaweza kupanda ingawa unameza vidonge vyako vizuri. Pima mara nyingi zaidi na mwambie daktari, naye atarekebisha dozi. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo hupungua nguvu, kwa hiyo tumia kondomu au njia nyingine isiyo ya homoni. Mkojo ukiwa wa rangi ya chungwa, usishtuke. Isoniazidi inaweza kuleta ganzi au kuchomachoma miguuni, na kisukari huleta hayohayo, kwa hiyo ulizia vitamini B6 siku ileile ya kuanza dozi. Macho yakiwa ya manjano, au ukitapika mfululizo, acha dawa na uende kituo cha afya siku hiyohiyo.