Skrini ya bluu ya Windows ni nini, na kwa nini hujirudia

Skrini ya bluu ni tangazo la mwisho ambalo Windows hulitoa kabla ya kujizima kwa makusudi. Watu husema kompyuta "imekufa ghafla", lakini kilichotokea ni uamuzi. Mfumo umegundua kosa ndani ya keneli, yaani kile kiini kinachogawa kumbukumbu, kupanga zamu za prosesa na kuzungumza na vifaa, ukaona ni salama zaidi kusimama kuliko kuendelea.

Salama kwa vipi? Programu ya kawaida kama Word au Chrome ina uzio wake. Ikikosea, inafungwa peke yake na kazi nyingine zinaendelea. Ndani ya keneli hakuna uzio wa namna hiyo. Humo zimo draiva, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa: za Wi-Fi, za kadi ya picha, za diski na za programu nyingi za kuzuia virusi, zote zikichangia eneo moja la kumbukumbu. Draiva ya Wi-Fi ikiandika pasipo pake, inaweza kuharibu data ambayo draiva ya diski iko mbioni kuihifadhi. Windows ikijifanya haikuona, uchafu huo utaingia kwenye faili zako. Kwa hiyo inasimamisha kila kitu, inahifadhi nakala ya hali ya kumbukumbu ilivyokuwa, kisha inawaka upya.

Mfano unaokumbukwa na wengi ni wa tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya CrowdStrike ilisambaza faili la data lenye kasoro kwa programu yake ya ulinzi. Draiva ya programu hiyo ikasoma kumbukumbu nje ya mipaka yake, na kwa kuwa draiva hiyo hupakiwa mapema kompyuta inapowaka, mashine zikawa zinawaka, zinaanguka, zinawaka tena, zinaanguka tena. Microsoft ilikadiria kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Dawa ilikuwa kuingia Safe Mode, yaani kuiwasha Windows ikiwa na vitu vya lazima tu, na kufuta faili moja tu. Kosa dogo, lakini lilikuwa ndani ya keneli.

Rangi yenyewe isikuchanganye. Bluu ilikuwapo tangu Windows NT ya 1993, uso wa huzuni ukaja na Windows 8 mwaka 2012, na katika Windows 11 toleo la 24H2, kuanzia 2025, skrini imekuwa nyeusi. Maana yake haijabadilika.

Skrini ya bluu iliyotokea mara moja katika mwaka haihitaji uchunguzi. Inayojirudia ndiyo yenye kazi, na hapo ndipo mafundi wengi hukosea: mteja akifika tu, wanakimbilia kupiga Windows upya. Kupiga Windows kunafuta ushahidi wote uliokuwamo kwenye diski. Kama tatizo lilikuwa RAM mbovu, mteja atarudi baada ya wiki, na safari hii hakuna hata rekodi moja ya kusoma.

Kusanya ushahidi kwanza

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, ingia kichupo cha Advanced, kisha Settings iliyo chini ya Startup and Recovery. Ondoa alama kwenye Automatically restart, ili skrini ibaki imesimama na uweze kuandika jina la kosa au kulipiga picha kwa simu. Hapo hapo, kwenye Write debugging information, chagua Small memory dump. Kuanzia sasa kila ajali itaacha faili dogo ndani ya C:\Windows\Minidump.

Folda hiyo ikiwa tupu ingawa skrini ya bluu imeshatokea mara tano, kuna sababu tatu za kawaida. Ya kwanza, mtu alizima faili la kurasa, pagefile, ili kuokoa nafasi kwenye SSD. Windows hupitishia rekodi ya ajali humo, kwa hiyo lirudishe kwenye diski C. Ya pili, programu ya kusafisha kompyuta inafuta mafaili hayo kila wiki ikidhani ni takataka. Ya tatu ndiyo mbaya zaidi: diski yenyewe ilishindwa kuandika.

Kisha fungua eventvwr.msc, nenda Windows Logs, halafu System. Tafuta tukio namba 1001 lenye chanzo BugCheck. Hilo linabeba namba ya kosa na tarehe. Utakutana pia na tukio la Kernel-Power namba 41, ambalo huwatia watu hofu bure. Linasema tu kwamba kompyuta haikuzimwa kwa utaratibu. Chenye faida ni kulifungua upande wa Details na kusoma BugcheckCode. Ikiwa ni 0, huenda hapakuwa na skrini ya bluu kabisa: umeme ulikatika, pawa saplai ilizidiwa, au mashine iliganda mtu akaizima kwa kidole. Ikiwa kuna namba, kumbuka imeandikwa kwa hesabu ya kumi ilhali namba za makosa huandikwa kwa hesabu ya kumi na sita. Kwa hiyo 292 ni 0x124, 209 ni 0xD1, na 26 ni 0x1A.

Ukishapata ajali tatu au nne, zilinganishe. Hii ndiyo hatua yenye thamani kuliko zote. Kosa lile lile likitaja faili lile lile kila mara, shuku draiva. Makosa yakibadilika kila siku, leo hili, kesho lile, na mafaili yanayotajwa hayana uhusiano wowote, shuku vifaa: RAM, joto, umeme au prosesa. Programu mbovu hukosea mahali pale pale. RAM mbovu humharibia yeyote aliyepangwa kwenye eneo lililooza.

Kusoma faili la Minidump, pakua WinDbg bure kutoka Microsoft Store, lifungue faili humo, kisha andika:

!analyze -v

Tazama mistari ya MODULE_NAME na IMAGE_NAME. Ukiona nvlddmkm.sys, ni draiva ya picha ya NVIDIA, amdkmdag.sys ni ya AMD, igdkmd64.sys ni ya picha za Intel. Jina linaloanza na Netwtw ni Wi-Fi ya Intel. Ukiona ntoskrnl.exe, usifurahi. Hiyo ndiyo keneli yenyewe, na mara nyingi imetajwa kwa sababu ndiyo iliyopiga yowe. Mwizi ameshapita.

Majina ya makosa yanasema nini

DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, 0xD1, ina jina refu la kuogofya lakini maana yake inaeleweka. Kuna nyakati draiva hufanya kazi katika daraja la dharura, ambapo hairuhusiwi kusubiri chochote. Kumbukumbu nyingine za Windows zinaweza kuwa zimehamishiwa kwenye diski kwa muda. Draiva ikizigusa ikiwa katika daraja hilo, Windows haiwezi kwenda kuzichukua, kwa hiyo inasimama. Karibu kila mara ni draiva, na mara nyingi ni ya mtandao. Ndugu yake, 0x0A, inaweza kuwa draiva au RAM.

MEMORY_MANAGEMENT, 0x1A, na PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, 0x50, ni sababu tosha ya kupima RAM kabla ya kugusa kitu kingine.

KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR, 0x7A, maana yake Windows ilikwenda diskini kurudisha kipande cha data ikakikosa. Angalia kigezo cha pili cha kosa, yaani ya pili kati ya namba zinazoandamana nalo: 0xC000009C huelekeza kwenye sekta mbovu, 0xC000009D kwenye kifaa kilichopotea, kwa mfano kebo ya SATA iliyolegea. Kebo ni ya kubadilisha kwa dakika mbili, na ni aibu kununua diski mpya kwa ajili yake.

VIDEO_TDR_FAILURE, 0x116, hutokea kadi ya picha inapokaa kimya. Kwa kawaida Windows huisubiri sekunde 2, kisha hujaribu kuiamsha. Ikishindwa ndipo inaanguka. Chanzo huwa draiva, joto, au kadi iliyochoka.

DRIVER_POWER_STATE_FAILURE, 0x9F, humjia mtu aliyefunga laptopu ikalala, kisha akaifungua. Kuna draiva iliyokataa kulala au kuamka kwa wakati. Anza na Wi-Fi na vifaa vya USB.

INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, 0x7B, ina kisa kinachojirudia kwenye kompyuta za mezani za mtumba. Betri ya CR2032 ya volti 3 iliyo kwenye mazabodi imekufa. Umeme ukikatika, BIOS, ile programu ya mazabodi inayoiwasha kompyuta, inasahau kila kitu na kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na kwenye baadhi ya mashine hali ya diski, yaani namna mazabodi inavyozungumza nayo, inahama kutoka AHCI kwenda RAID. Windows iliyowekwa kwa AHCI haiioni tena diski yake. Dalili ni saa ya kompyuta kurudi miaka ya nyuma. Rudisha AHCI, badilisha betri, umemaliza.

WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, 0x124, ni malalamiko ya vifaa vyenyewe. Kama prosesa au RAM imeongezwa kasi, irudishe kawaida. Kama ni kompyuta ya mezani yenye Intel Core ya kizazi cha 13 au 14, soma zaidi: baadhi ya prosesa hizo zilikuwa zikijipa volti kubwa kupita kiasi, na Intel ilianza kutoa marekebisho, 0x129, Agosti 2024, yanayoingia kwa kusasisha BIOS. Marekebisho huzuia uharibifu mpya lakini hayaponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Intel iliongeza dhamana kwa miaka 2, kwa hiyo idai.

Kupima na kutengeneza

Kabla ya kugusa BIOS au kuingia Safe Mode, hakikisha una ufunguo wa tarakimu 48 wa BitLocker, kufuli la Windows linalosimba data ya diski. Laptopu nyingi za sasa zimefungwa kwa BitLocker bila mwenyewe kujua, na ufunguo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti yake ya Microsoft. Bila huo, tatizo la skrini ya bluu litageuka kuwa msiba wa data.

RAM hupimwa kwa MemTest86 inayowashwa kutoka kwenye flashi. Kipimo cha Windows, mdsched.exe, kinafaa kwa haraka, ila kikisema hakuna kosa usikiamini moja kwa moja. Acha MemTest86 izunguke mara 4, hata kama ni usiku kucha. Kosa moja linatosha. Hakuna "makosa machache yanayovumilika". Likitokea, zima XMP, mpangilio wa BIOS unaoongeza kasi ya RAM, na upime tena. Likiendelea, bakiza kipande kimoja cha RAM, pima, kisha weka kingine kwenye tundu lile lile. Hivyo utajua kama kibovu ni kipande au tundu.

Diski isome kwa CrystalDiskInfo. Kwenye diski ya kuzunguka, tazama safu za 05 na C5: sekta zilizohamishwa na zinazosubiri kuhamishwa. Namba zikipanda, nakili data kwanza ndipo uendeshe chkdsk C: /r, kwa sababu amri hiyo husoma diski nzima na inaweza kuimaliza ile iliyokuwa inachechemea.

Joto hupimwa kwa HWiNFO ukiwa unaifanyisha mashine kazi nzito. Laptopu inayogota nyuzi 100 ndani ya dakika moja inahitaji feni isafishwe na ile dawa ya kupitisha joto, inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupoozea, ibadilishwe.

Mafaili ya Windows yakishukiwa, fungua Command Prompt kama msimamizi, uendeshe amri hizi kwa mpangilio huu:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

DISM inatangulia kwa sababu ndiyo inayotengeneza ghala ambalo sfc huchukulia mafaili mazima. Ukianza na sfc ghala likiwa limeharibika, unachota maji kwenye kisima kichafu.

Draiva ichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu au wa kifaa. Kama matatizo yalianza baada ya kusasisha, tumia Roll Back Driver kwenye Device Manager. Zile programu zinazojitangaza kukutafutia draiva zote kwa kubofya mara moja ziepuke. Nyingi huleta toleo lisilo la kifaa chako, na kuongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Ikiwa unaamini ni draiva lakini rekodi haitaji jina lake, iko Driver Verifier. Andika verifier, chagua mipangilio ya kawaida, kisha teua draiva zisizo za Microsoft tu. Inazibana draiva hizo hadi yenye kosa ianguke ikiwa na jina lake. Iache siku 1 hadi 2, halafu izime kwa verifier /reset. Kompyuta ikigoma kuwaka, izime kwa nguvu inapoanza kupakia, rudia mara 3 hadi ukurasa wa urekebishaji utokee, pita Startup Settings, bonyeza 4 kuingia Safe Mode, na uendeshe amri hiyo ya kuzima kutoka huko.

Kupiga Windows kuna nafasi yake, lakini kama kipimo. Nakili folda ya Minidump kwenye flashi, weka Windows safi kwenye diski, usiongeze draiva wala programu yoyote, tumia mashine kwa siku mbili. Ikianguka hata hapo, acha kutafuta kwenye programu. Kama RAM, diski na joto vimeshafaulu, azima pawa saplai nzima ya wati zinazotosha na ujaribu nayo kabla ya kumwambia mwenye mashine kwamba prosesa au mazabodi imekwisha.