Fremu ya haditeli ni nini, na ipi inafaa matembezi ya familia

Haditeli ni baiskeli ya milimani yenye shokapu mbele tu. Nyuma hakuna springi wala kiungo kinachocheza: mabomba yanayoshika gurudumu la nyuma yamechomelewa moja kwa moja kwenye fremu, kwa hiyo mtikisiko unamezwa na tairi, kiti na magoti ya mwendeshaji. Jina lina maana ya mkia mgumu, na pikipiki zisizo na shokapu za nyuma huitwa hivyo hivyo. Baiskeli za milimani zilipozaliwa California miaka ya 1970 hazikuwa na shokapu hata mbele. Foki (uma unaoshika gurudumu la mbele) yenye shokapu, RockShox RS-1, ilikuja mwaka 1989, na shokapu za nyuma ziliposhika kasi baada ya hapo ndipo watu wakahitaji neno la kuzitenganisha hizi mbili.

Kwa mwenye bajeti ndogo, haditeli ndiyo chaguo, na sababu ni ya kifundi. Baiskeli ya bei ya chini yenye shokapu mbele na nyuma huwa na springi tupu isiyo na mafuta ya kutuliza mdundo, na viungo vyake vya nyuma hulegea mapema. Gurudumu la nyuma huanza kuyumba, mnyororo hupigapiga, na uzito umeongezeka bure. Fedha iliyokwenda kwenye springi hiyo, kwenye haditeli huenda kwenye breki na rimu. Na kwa njia za vumbi, changarawe au msitu uliotulia kama Karura, Nairobi, tairi pana ya inchi 2.1 yenye upepo wa wastani inatosha kabisa kulainisha safari.

Anza na kimo cha fremu, kabla ya rangi na kabla ya chapa. Namba ya saizi, tuseme inchi 17, kwa kawaida ni urefu kutoka katikati ya krenki (mhimili wa pedali) hadi mwisho wa bomba la kiti, lakini kila kiwanda kina namna yake ya kupima, kwa hiyo stika ichukuliwe kama dokezo tu. Simama juu ya baiskeli, nyayo zote chini, umevaa viatu utakavyoendeshea. Kati ya bomba la juu na mapaja ibaki nafasi ya sentimita 5 au zaidi. Kisha kaa, shika usukani: viwiko viwe vimepinda kidogo na shingo isikazike. Ukilazimika kujinyoosha ndipo uufikie, fremu hiyo ni ndefu mno, na kusogeza kiti mbele hakutibu tatizo; kunahamisha maumivu kutoka mgongoni hadi magotini.

Baiskeli itakayotumiwa na baba na mama kwa zamu ipimwe kwa aliye mfupi, kisha aliye mrefu ainue nguzo ya kiti. Hapa ndipo fremu nyingi huharibika. Nguzo ina mstari wa kikomo, na mstari huo usionekane nje hata siku moja. Kwa usalama, angalau sentimita 10 za nguzo zibaki ndani, na mwisho wake ushuke chini ya weldi inayounganisha bomba la juu na bomba la kiti. Nguzo ikiingia kidogo tu, uzito wa mtu huigeuza kuwa mtaimbo: kila shimo la barabarani linabenua mdomo wa bomba, na ufa huanza nyuma kabisa, pale penye mpasuo wa klempu (kibano kinachokaza nguzo). Aliye mrefu akikosa kufika, anunuliwe nguzo ya milimita 400 yenye kipenyo kile kile. Vipenyo vya kawaida ni 27.2, 30.9 na 31.6. Tofauti ya sehemu ya milimita inatosha kuifanya nguzo izame kila dakika tano.

Pembe ya bomba la shingo huamua tabia ya usukani. Kwa matembezi ya taratibu tafuta nyuzi 68 hadi 71. Fremu za kisasa za kushukia miteremko mikali zina 65 au pungufu. Zikienda polepole nyuma ya mtoto wa miaka saba, gurudumu la mbele hutangatanga kama mkokoteni. Foki ya mchezo (umbali inaobonyea) wa milimita 80 hadi 100 inatosha. Usikubali fundi akufungie foki ya 140 kwenye fremu iliyotengenezwa kwa 100 eti ni bora zaidi: mbele itainuka, pembe italala kwa takriban nyuzi mbili, na nguvu inayovuta shingo ya fremu itazidi ile iliyokusudiwa.

Kuhusu madini, alumini ya 6061 ndiyo imejaa sokoni na inafaa. Chuma cha kromoli, yaani kilichochanganywa na kromiamu na molibdeni, ni kizuri na fundi wa weldi anaweza kukitibu. Alumini ikipasuka, kuichomelea kienyeji huondoa ugumu iliopewa kwa joto kiwandani, na ufa hurudi pembeni mwa kiraka. Chuma cha kawaida ni kizito, lakini kwa safari ya kilomita kumi si balaa. Pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, chuma hula kutu kwa ndani kabla hujaiona nje, basi mara moja kwa mwaka toa nguzo ya kiti na upulize mafuta ndani ya mabomba.

Sehemu inayowagharimu wengi baadaye ni vipimo vya viungo. Boksi ya krenki iwe ya hesi, upana milimita 68 au 73. Spea zake zipo kila mahali. Upande wa mnyororo hesi yake hukazwa kinyume na saa, na fundi asiyejua hilo huivua kwa dakika moja. Boksi za kubanwa bila hesi mara nyingi hulia mlio usiokwisha na zinahitaji vifaa maalumu. Nyuma, upana wa milimita 135 ndio wenye magurudumu mengi ya mtumba. 142 na 148 ni mipya zaidi. Kikonyo kinachobeba dereila ya nyuma (kifaa kinachohamisha mnyororo kati ya gia) kiwe cha kufungua kwa skrubu, si sehemu ya fremu, maana baiskeli ikiangukia kulia ndicho hupinda kwanza. Nunua cha akiba siku hiyo hiyo, kwa kuwa vinatofautiana kwa kila modeli.

Kwa familia, matundu ya skrubu ni jambo kubwa kuliko gramu. Karia inataka matundu mawili karibu na ekseli ya nyuma na mawili chini ya kiti. Kama fremu ina breki ya diski, kalipa (kibano kinachoshika diski) iliyokaa ndani ya pembetatu ya nyuma haigongani na mguu wa karia. Iliyokaa juu hugongana. Viti vingi vya mtoto vya kufunga kwenye bomba la kiti huhitaji bomba la mviringo la milimita 28 hadi 40, na aghalabu kikomo chake ni kilo 22. Bomba lililobapwa kwa urembo halishiki klempu sawasawa, na kiti kitazunguka mtoto akiegemea upande.

Tairi nayo ina mtego wake. Gurudumu la inchi 29 lina kipenyo cha milimita 622 pale tairi inapokaa kwenye rimu, na tairi ya 28 ya baiskeli nzito za mizigo tulizozoea ni 635. Majina yanakaribiana lakini haziingiliani. Soma namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi. Inchi 26 ya milimani ni 559, na ndiyo rahisi kuipata.

Ukinunua fremu ya mtumba, nenda na uzi wa pamba na rula. Funga uzi kwenye ekseli ya nyuma upande mmoja, uzungushe mbele ya bomba la shingo, uurudishe hadi upande wa pili, uuvute ukazike. Pima umbali kutoka uzi hadi bomba la kiti, kushoto na kulia. Tofauti ikizidi milimita 3, fremu imepinda. Kisha pitisha kidole gumba chini ya shingo, pale mabomba yanapokutana: rangi iliyojikunja mawimbi mawimbi ni dalili ya baiskeli iliyogonga kitu kwa mbele. Mwisho, fungua klempu na uizungushe nguzo ya kiti. Alumini iliyokaa miaka ndani ya chuma huganda kwa kutu. Ikigoma kutoka mbele ya muuzaji, fremu hiyo usiilipie.