Klipu ya Kuchekesha Ina Mwenyewe: Tunayoamini na Yalivyo Kweli

Haipiti siku bila klipu mpya kuingia kwenye makundi ya WhatsApp: mlevi anabishana na nguzo ya umeme, bibi harusi kateleza kwenye zulia, mtoto kagoma kwenda shule. Tunacheka, tunatuma kwa wengine, kesho inakuja nyingine. Kucheka sina ugomvi nako. Kinachoniumiza ni zile imani zinazotufanya tutume bila kumuwaza aliyerekodiwa, na nyingi si za kweli.

Imani inayotajwa sana ni hii: "Alikuwa hadharani, hana cha kudai." Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na chini ya sheria hiyo picha inayomtambulisha mtu ni taarifa zake binafsi. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza kuitoza klabu moja ya starehe ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Mteja huyo hakupigwa picha chumbani kwake. Alikuwa ukumbini, mbele za watu. Siku hiyohiyo shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Tanzania nayo ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na ipo Tume inayopokea malalamiko ya wananchi. Ni kweli kwamba waliotozwa kule Kenya ni biashara na taasisi, na mzazi anayerekodi sherehe ya nyumbani kwake hawekwi fungu moja nao. Lakini ukurasa unaookota klipu za watu ili uvute wafuasi na matangazo, kwangu mimi, ni biashara kama biashara nyingine, hata mwenye ukurasa akiuita burudani.

Wengine husema, "Ni mtoto tu, nani atamdhuru?" Hapa naomba tutulie kidogo. Chukua klipu ya kawaida ya mtoto anayelia hataki shule. Sweta lake lina nembo, kwa hiyo shule inajulikana. Nyuma kuna bajaji imeegeshwa, namba ya usajili inasomeka. Sauti ya mama inamwita kwa jina, tena inamtaja na dada yake. Ukutani kuna bango la duka lenye jina la mtaa. Mtu asiyemjua mtoto huyo ameshapata jina, shule, mtaa na usafiri wa kila asubuhi, na hakuna aliyekusudia kumpa. Sisi tuliocheka hatukuona lolote kati ya hayo kwa sababu macho yetu yalikuwa kwenye machozi.

Tena wazazi wengi hujitetea kwamba waliweka kwa ajili ya ndugu tu. Mwaka 2007 baba mmoja wa Uingereza aliweka YouTube video ya wanawe wawili, mdogo akimng'ata kaka yake kidole, ili mlezi wao wa ubatizo aliyekuwa Marekani aione. Ikatazamwa mara mamia ya mamilioni, na mwaka 2021 familia ikaiuza kwa mnada wa kidijitali kwa dola 760,999. Wao iliwaendea vizuri. Somo ninalolipata humo ni kwamba kitu kilicholengwa mtu mmoja kiliifikia dunia nzima bila baba yule kupanga.

Kwa kijana mmoja wa Quebec, Kanada, mambo yalikwenda kombo. Mwaka 2002 alijirekodi peke yake shuleni akizungusha fimbo kama upanga wa sinema. Mwaka uliofuata wenzake wakaipata kanda hiyo na kuitia mtandaoni, wakati huo YouTube yenyewe haijaanzishwa. Dunia ikamcheka. Alidhihakiwa hadi akaacha shule, familia yake ikaenda mahakamani, na shauri likaisha kwa makubaliano mwaka 2006. Kwa hiyo ninapomsikia mtu akisema "ni utani tu, mwenyewe naye atacheka", huwa nauliza kama mwenyewe ameulizwa.

"Lakini nilishaifuta." Kufuta kunaondoa nakala yako. WhatsApp inakuruhusu kufuta ujumbe kwa wote ndani ya siku mbili na nusu hivi, ila aliyekwisha kuhifadhi video au kuipeleka kundi jingine hukumgusa. Stetasi nayo hupotea baada ya saa 24, na ndani ya saa hizo skrinishoti moja inatosha.

Dhana inayofanana na hiyo ni kwamba WhatsApp ni siri kabisa. Kweli, tangu Aprili 2016 ujumbe unafungwa kutoka simu yako hadi simu ya unayemtumia, na kampuni yenyewe haiwezi kuusoma njiani. Ulinzi huo unaishia kwenye simu ya mpokeaji. Akiamua kuufowadi, ni uamuzi wake. Na nakala za akiba zinazohifadhiwa Google au Apple hazifungwi namna hiyo mpaka uwashe mwenyewe kwenye mipangilio. Chaguo hilo limekuwepo tangu 2021, na wengi hawajawahi kuligusa. Ukiona mishale miwili juu ya klipu, ujue imepita mikono mingi kabla ya kukufikia. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa aina hiyo unaweza kuutuma kwa mtu au kundi moja tu kwa wakati, na kizuizi hicho kiliwekwa makusudi kupunguza kasi ya uvumi.

Kuhusu lile tangazo la "Siiruhusu Facebook kutumia picha zangu, nakili na ubandike", linazunguka tangu 2012 likibadilishwa maneno tu, na mwaka 2024 lilirudi likiitaja akili bandia ya Meta. Halina nguvu yoyote. Masharti uliyakubali ulipofungua akaunti. Kinachobadilisha kitu ni mipangilio ya akaunti, au kuacha kuweka picha.

Sasa, kama klipu inayozunguka ni yako au ya mwanao, usianze kwa kugombana kwenye maoni, maana kila jibu linaisukuma mbele kwa watu wapya. Na kabla hujamwomba mtu afute, hifadhi ushahidi: skrinishoti yenye jina la akaunti, kiungo, tarehe na saa. Wengi huomba kwanza, ikafutwa, kisha wakabaki hawana cha kuonyesha ilipoibuka tena kwingine. Ripoti ndani ya mtandao wenyewe ukichagua sababu ya faragha, na kama ni mtoto, litaje hilo wazi. Likishindikana, Watanzania wapeleke kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na Wakenya kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye sheria inamtaka achunguze na kumaliza lalamiko ndani ya siku 90.