"Utumbo ukichubuka ndio basi": maneno ya barazani na ukweli wake

Barazani kwetu Chake Chake, kahawa haijafika duru ya pili, lazima atokee mtu aseme utumbo ukichubuka ndio basi, kilichobaki ni saratani. Lawama hupewa pilipili ya urojo.

Si kweli. Ngozi ya ndani ya utumbo mwembamba hujivua na kuota upya kila siku 4 au 5, hata kwa mzima wa afya. Ndani ya vishimo vidogo mno vya ukuta wake zimekaa seli shina, yaani seli mama zinazozaa nyingine, ambazo timu ya mtafiti Hans Clevers huko Uholanzi ilizitambua mwaka 2007 kwa alama ya Lgr5, jeni inayowaka ndani yake. Seli jirani huzipelekea protini za Wnt, nazo ndizo ishara ya kugawanyika. Seli changa hupanda juu, na kadiri zinavyoiacha ishara ile nyuma ndivyo zinavyoacha kugawanyika, zikaanza kufyonza chakula, kisha hupukutika.

Basi wengine husema seli kuzaliana haraka ndiyo saratani yenyewe. Ingekuwa hivyo, utumbo mwembamba ungeongoza kwa saratani, na ya huko ni nadra. Iliyo nyingi ni ya utumbo mpana. Balaa ni seli kutosikia tena "basi". Protini ya jeni ya APC husaidia kumvunja mjumbe wa Wnt ndani ya seli, aitwaye beta-katenini. Katika saratani za utumbo mpana, takriban 80 kwa 100, jeni hiyo imeharibika: mjumbe anapiga mbiu na hakuna aliyemtuma. Mwaka 2015 watafiti waliirudisha APC kwa panya wenye uvimbe, nao ukanywea ndani ya wiki mbili.

Ndiyo maana sizipendi chupa za "kuamsha seli za tumbo". Muuzaji anajuaje kama zako zimeshakosa breki?

Pilipili, kwa kweli, imeonewa. Haimo katika visababishi vinavyojulikana vya saratani ya utumbo mpana. Tumbaku imo, na soseji pia. Kolitisi ya vidonda, yaani ugonjwa wa utumbo mpana kuwaka na kutoka vidonda, ikidumu miaka nayo huongeza hatari, maana huko ukarabati haupumziki.

Na si kila damu chooni ni bawasiri (hili wanaume wa barazani hawapendi kulisikia). Huenda ni kinyama kilichoota utumboni. Mara nyingi huchukua miaka 10 au zaidi kugeuka saratani, na daktari wa kamera aweza kukikata mapema, mgonjwa akarudi kwake siku hiyo hiyo.