Kondakta wa okestra ni nani hasa? Jibu kutoka Baku

Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba fulani ni kondakta, atakachokiona kichwani ni kijana aliyening'inia mlangoni mwa daladala, noti zimekunjwa katikati ya vidole, anaita "Posta, Posta!" Ndiyo maana neno hili linatatiza likihamia kwenye okestra. Yule anayesimama mbele ya wanamuziki themanini, kawapa watazamaji mgongo, kijiti mkononi, hatozi nauli wala hapigi chombo chochote. Waazeri, yaani watu wa Azabajani, kama Warusi, humwita dirijori, neno lililotoka kwenye Kifaransa likiwa na maana ya kuongoza. Wapo wanaoandika kwa Kiswahili "kiongozi wa okestra", lakini hilo nalo humfanya aonekane kama mwenye bendi.

Kwangu mimi, neno lililo karibu zaidi na kazi yenyewe tunalo siku nyingi, na liko kanisani: mwalimu. Mwalimu wa kwaya ndiye anayeandika solfa ubaoni, anayeigawa sauti ya kwanza hadi ya nne, anayegonga benchi kwa kalamu na kusema "besi mmeshuka, turudi". Jumapili ikifika, ni yeye yuleyule anayesimama mbele kunyoosha mikono. Hatukumpa majina mawili kwa kuwa kazi zenyewe hatujawahi kuzitenganisha. Shikilia hilo, maana huko Azabajani, nchi ambayo mji wake mkuu ni Baku, kwenye ufuo wa Bahari ya Kaspi, historia nzima ya dirijori imekwenda kwa mkondo huohuo.

Kwanza mikono. Mkono wa kulia, wenye kijiti, hubeba mapigo. Muziki ukiwa wa mapigo manne, pigo la kwanza hushuka moja kwa moja, la pili huelekea kushoto, la tatu huvuka kwenda kulia, la nne hupanda. Mpiga fidla aliye safu ya mwisho, hata akiwa haoni kitu kingine, akiona mkono unashuka anajua yuko wapi. Mkono wa kushoto una kazi nyingine: kuongeza sauti, kuizima, kumkaribisha mpiga filimbi aliyekaa kimya kwa dakika mbili akihesabu. Na lililo kubwa ni kwamba mkono hutangulia sauti. Kabla ya nota ya kwanza kuna kipandio kifupi, kama pumzi anayovuta mtu kabla ya kusema, na ndani ya pumzi hiyo mwanamuziki anapaswa kusoma mwendo, ukubwa wa sauti na hata tabia yake. Dirijori anayefuata sauti badala ya kuitangulia amekwisha, wanamuziki wataacha kumtazama.

Mbele yake pana kitabu kikubwa cha nota kiitwacho partitura. Mpiga chelo ana mstari wake tu, ila dirijori ana mistari ya wote, imepangwa kutoka juu kwenda chini, ishirini au zaidi kwa ukurasa mmoja. Tena siyo yote inayosomeka kama ilivyoandikwa: klarineti iliyozoeleka, ikiandikiwa do, hutoa sauti ya chini kidogo kuliko do ya piano. Dirijori husoma hayo yote kwa pamoja, na anaposikia kosa anatakiwa ajue limetoka kiti gani.

Lakini hayo ni ya jukwaani, nayo ni sehemu ndogo. Kazi kubwa huwa imeshafanyika mazoezini, siku watu wamevaa sweta na kumetapakaa vikombe vya chai.

Sasa twende Azabajani, ambako kwa karne nyingi muziki wa heshima haukumhitaji mtu huyu. Muziki huo ni mugham. Wapigaji ni watatu: mwimbaji aliyeshika dufu, mpiga tari, yaani kinanda cha nyuzi kumi na moja kinachoegemezwa kifuani, na mpiga kamancha, aina ya fidla inayosimamishwa juu ya goti. Sehemu kubwa ya mugham haina mapigo ya kuhesabu. Mwimbaji hutembea ndani ya njia inayojulikana, hatua kwa hatua, akipanda kuelekea kilele, na wenzake humfuata kwa sikio. Anayeongoza ni koo lake. Wapenzi wa taarabu ya Unguja hawatapata shida kuelewa, kwa sababu kila njia ya namna hiyo nayo huitwa mugham, na moja ya zilizo kubwa kuliko zote inaitwa Rast, jina lilelile wanaloliita Rasti katika maqam zao, yaani njia zao za sauti. Miziki haifanani nota kwa nota, ila ukoo ni mmoja.

Januari 1908, mjini Baku, kijana Uzeyir Hajibeyov aliuchukua muziki huo akautia ndani ya opera, Leyli na Majnun, hadithi ya mapenzi ambayo ulimwengu wa Kiislamu umeisimulia kwa karne nyingi. Huhesabiwa kuwa opera ya kwanza ya Mashariki ya Kiislamu. Nafasi ya Leyli ilichezwa na mwanamume, maana mwanamke wa Kiislamu kupanda jukwaani wakati ule lilikuwa jambo lisilowezekana. Aliyeongoza okestra alikuwa Abdurrahim bey Hagverdiyev, mtu tunayemjua zaidi kama mwandishi wa tamthilia. Na tazama kilichomkabili: sehemu za mugham hazikuandikwa nota kwa nota. Partitura ilitaja tu mugham ipi iimbwe hapo, mengine akaachiwa mwimbaji na mpiga tari. Dirijori asiyeijua mugham hiyo angejuaje kwamba mwimbaji anakaribia kufunga, ili ainue mkono okestra iingie? Kijiti peke yake hakitoshi hapo. Lazima uwe umekaa chini ya waimbaji miaka.

Kwa hiyo Hajibeyov alijua mapema kwamba bila shule hakuna okestra. Konsavatori ya Baku ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na leo, ikiitwa Chuo cha Muziki cha Baku, ina jina lake. Mwaka 1931, akiwa na mtunzi mwenzake Muslim Magomayev, aliunda okestra ya vyombo vya asili ambayo wapigaji wake walisoma nota. Usilipite hilo haraka. Fundi wa tari aliyejifunza kila kitu kwa kukaa na bwana wake sasa anawekewa karatasi mbele na kuambiwa atazame mkono. Wako waliosema huko ni kuua mugham, na siwezi kusema hofu yao haikuwa na msingi.

Katika nyumba hiyohiyo ya Hajibeyov ndipo alipotoka dirijori mkubwa wa Azabajani, mpwa wa Uzeyir, mtoto wa nduguye Zulfugar ambaye naye alikuwa mtunzi. Alizaliwa Tiflis, leo Tbilisi, mwaka 1912. Jina lake lote ni refu, ila aliacha ukoo mzima pembeni akajulikana kwa neno moja: Niyazi. Alisomea Moscow na Leningrad, leo St. Petersburg, akarudi Baku, na kuanzia 1938 akaishika Okestra ya Simfoni ya Taifa. Pamoja na vipindi vya kuondoka na kurudi, jina lake liliambatana na okestra hiyo hadi alipofariki Agosti 1984.

Kuna jambo moja katika maisha yake linaloeleza dhana yetu kuliko tuzo zote. Mwaka 1948 Fikret Amirov alitunga Shur na Kurd Ovshari, vipande viwili vilivyozaa aina mpya: mugham ya simfoni, yaani mugham nzima ikiwa imeandikwa kwa okestra kubwa, bila mwimbaji. Mwaka uliofuata Niyazi akaandika yake, Rast. Hapo swali la 1908 likarudi kwa sura ngumu zaidi. Kile ambacho koo moja lilikifanya kwa uhuru, sasa watu themanini wakifanye pamoja na kisikike bado kiko huru. Njia mojawapo ni hii: nyuzi zinashikilia sauti moja ndefu, tulivu, kama ile ambayo mpiga kamancha humtandikia mwimbaji, juu yake chombo kimoja cha pumzi kinaachiwa kuzunguka. Mkono wa dirijori unakaribia kusimama. Hahesabu, anasubiri, kisha kwa ishara ndogo anaifunga sentensi na kufungua nyingine. Mpiga nyuzi aliyelelewa na muziki wa Beethoven huona kitu kama hicho kinatisha, kwa sababu hana mapigo ya kushikilia. Ni lazima mtu amfundishe kusikia sentensi ya mugham inavyoishia. Na mtu huyo ni nani kama siyo aliye mbele yake?

Muziki huo ulisafiri. Kurd Ovshari ya Amirov ilipigwa na kurekodiwa Marekani na okestra ya Houston chini ya Leopold Stokowski, mwaka 1959. Niyazi mwenyewe aliitwa Leningrad, na Machi 1961 aliongoza onyesho la kwanza la baleti ya Arif Malikov, Hekaya ya Mapenzi, kwenye ukumbi wa Kirov. Malikov hakuwa ametimiza miaka 28. Dirijori mwenye jina anapokubali kusimama na kazi ya kijana, anakuwa amemfunza kijana huyo bila kushika chaki: mtunzi anakaa mazoezini, anasikia alichokiandika, anaona pale ambapo mpiga tarumbeta anaishiwa pumzi, anarudi nyumbani kurekebisha.

Ualimu wa darasani nao upo, na ukoo wake unafuatika. Huko Leningrad, Nikolai Malko aliwafundisha Ilya Musin na Nikolai Rabinovich, na hao wawili wakawafundisha madirijori ambao dunia nzima inawajua. Kwa Rabinovich alisoma pia Rauf Abdullayev, mzaliwa wa Baku wa 1937. Alirudi kwao, akafanya kazi kwenye jumba la opera, na Niyazi alipofariki ni yeye aliyeipokea okestra ya simfoni. Wakati huohuo amekuwa profesa kwenye chuo chenye jina la Hajibeyov.

Darasa la uongozaji kwa mfumo huo huwashangaza wageni, kwani hamna okestra ndani yake. Kuna piano mbili, wapigaji wawili ambao mikono yao imebeba simfoni nzima, na mwanafunzi amesimama mbele yao na kijiti. Mwalimu amekaa pembeni. Mwanafunzi anainua mkono, anaushusha, na wale wa piano, ambao wameshazoea mamia ya wanafunzi, hupiga kile tu walichoonyeshwa. Mkono ukisitasita, piano mbili huingia kila moja kwa wakati wake, kwa kishindo. Mwalimu hasemi kitu. Anangoja mwanafunzi ashushe mabega, avute pumzi, aanze tena.