Farasi hazuiwi kwa misuli: yanayosemwa kwa mtu mwenye ulemavu anayetaka kuokoa farasi

Hapa Lubumbashi sentensi ni ile ile. Mtu amekatwa mguu baada ya ajali mgodini, au pikipiki imemvunja uti wa mgongo, na sasa anataka kupokea farasi wazee na waliokondeshwa ambao hakuna anayewataka tena. Yeye anauliza juu ya nyasi na chanjo. Shemeji au mama mkubwa aliyemsindikiza anadakia: "Dokta, mwambie achukue kuku. Farasi anataka mtu mwenye nguvu." Kinachouma ni kwamba mwenye shida mwenyewe anainamisha kichwa na kukubali.

"Farasi anataka mtu mwenye nguvu"

Farasi wa kupanda ana kilo 400 hadi 500. Mwanaume wa kilo 80 mwenye miguu yote miwili akivutana naye kamba, ameshindwa tayari. Farasi anatii kwa sababu amefundishwa kulegea anaposikia mvuto mdogo, kwa sababu hana hofu, na kwa sababu geti nyuma yake limefungwa. Anayetegemea misuli ndiye anayezungusha kamba mkononi ili aishike vizuri. Farasi anashtuka, kamba inakaza, vidole vinaenda. Kamba ya kuongozea iwe ya mita 3, ikunjwe kama kitambaa ndani ya kiganja, isizungushwe mkononi wala kufungwa kwenye kiti cha magurudumu hata kwa dakika moja.

Anayetaka mfano, huyu hapa. Lis Hartel wa Denmark alipata polio mwaka 1944, akabaki amepooza chini ya magoti. Mwaka 1952 kule Helsinki alipata medali ya fedha ya Olimpiki kwa kupanda farasi. Kupanda na kushuka alisaidiwa na watu. Aibu ya kusaidiwa mahali pamoja isimfukuze mtu kwenye kazi nzima.

Hatari zipo, lakini ni zile ambazo shemeji haziulizi. Mtu aliyekaa, kichwa chake kiko pale ambapo kwa aliyesimama kuna kifua au tumbo, yaani pale pale teke linapopita. Kwa hiyo kofia ngumu inavaliwa hata wakati wa kupiga brashi tu. Kusafisha na kukata kwato ukiwa kwenye kiti, usifanye. Hiyo ni kazi ya mtunza farasi kila siku, na ya fundi wa kwato kila wiki 6 hadi 8. Kiti kikae mbele kidogo ya bega la kushoto, kimeelekezwa pembeni, si chini ya shingo wala nyuma ya mbavu. Breki zisifungwe maadamu kamba iko mkononi, maana kiti kilichofungwa ndicho kinachopinduka. Na kabla ya kumkaribia farasi, tazama kwanza utakakotokea: upande mmoja wako lazima uwe wazi, bila ukuta wala ndoo.

Farasi mgeni hakijui kiti. Kitu kifupi kinachomjia kikiteleza bila kupiga hatua kinamtia woga, basi usimwendee nacho. Msaidizi amshike farasi, wewe ukiwa mita 10 mbele, kisha ondoka, kiti kikimpa mgongo. Farasi hukifuata kinachomkimbia. Atainua masikio, atashusha shingo, atapiga hatua mbili za kunusa. Simama. Akishanusa mpini wa kiti na kupumua kwa nguvu puani, ondoka tena. Dakika 10 zinatosha kwa siku moja. Kiti kipite ubavuni pake siku atakapokifuata bila kuvutwa. Wengi hufika hapo ndani ya wiki moja au mbili. Mwenye magongo au mguu wa bandia afuate njia hiyo hiyo, kwa sababu farasi husikia mwendo usio sawa na mlio wa gongo kwenye sakafu.

Kinachobaki ni ujenzi. Geti liwe na upana wa sentimita 120 au zaidi, komeo liwe sentimita 90 kutoka chini na lifunguke kwa mkono mmoja. Zizi la farasi mmoja liwe mita 3.6 kwa 3.6. Mlango wa nusu wanaoupenda mafundi wetu humficha farasi kwa mtu aliyekaa, nawe huingii mahali usipoona miguu ya nyuma iko wapi. Mwambie fundi wa kuchomelea atengeneze wa nondo zilizosimama, zilizobanana kiasi kwamba ukwato haupiti, na tundu la kuingizia chakula kutoka nje. Mteremko wa kupandia usizidi sentimita 1 ya kimo kwa kila sentimita 12 za urefu. Kuanzia Novemba hadi Aprili udongo wetu mwekundu unameza magurudumu, kwa hiyo njia kati ya nyumba, stoo na mazizi ijengwe kwa zege iliyokwaruzwa kwa fagio ikiwa mbichi. Ikiachwa laini, mvua ya kwanza itamwangusha farasi na wewe pia.

Maji nayo. Farasi mmoja anaweza kunywa lita 40 kwa siku ya joto, yaani ndoo mbili za kilo 20, na hakuna sababu ya mtu yeyote kuzibeba. Tangi la lita 1,000 lililoinuliwa, mpira wa maji, na floteri (boya linalofunga maji) kwenye birika: farasi wawili wanakaa siku 12 hata bomba la mtaa likikauka.

Jambo la mwisho kwenye hili ni ngozi isiyosikia. Aliyepooza miguu anaweza kukanyagwa asijue, kupe anaweza kumng'ang'ania siku tatu, chuma cha kiti kilichokaa juani kinaweza kumbabua. Kila jioni vua viatu, shika kioo, kagua nyayo, visigino na makalio. Aliyeumia juu kwenye uti wa mgongo hatoi jasho chini ya jeraha, hivyo katika joto la Oktoba kazi iishe mapema asubuhi na chupa ya kujinyunyizia maji iwe karibu. Chanjo ya pepopunda ni ya farasi na ya mwenye farasi, kwa sababu vijidudu vyake vinaishi kwenye udongo na mavi ya farasi.

"Amekonda, mpe mahindi ashibe"

Hili linaua, na linafanywa na watu wenye huruma. Farasi aliyelala njaa kwa wiki nyingi amekuwa akiishi kwa mafuta na nyama yake mwenyewe. Ukimpa ndoo ya mahindi au pumba, wanga unapandisha insulini ghafla, nayo inasukuma fosfeti, magnesi na potasi kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli. Akiba yake ya madini hayo ilikwisha zamani. Moyo na misuli ya kupumulia vinashindwa. Kwa kawaida anakufa kati ya siku ya 3 na ya 5, wakati familia inasema "alianza kupona".

Siku 3 za kwanza mpe nusu kilo ya luseni (alfalfa) kavu kila baada ya saa 4, usiku pia. Ukikosa luseni, tumia nyasi kavu za kijani kwa kipimo kile kile kidogo. Toka siku ya 4 ongeza polepole huku ukipunguza idadi ya milo, mpaka baada ya siku 10 aachiwe nyasi atakazo. Maji yawepo wakati wote. Nafaka, molasi na machicha ya pombe visiguse mdomo wake katika siku hizo. Dawa ya minyoo na fundi wa kwato wangoje apate nguvu. Asiyeweza kuamka usiku, awe na miguu au asiwe nayo, atafute wa kuamka kwa niaba yake kabla ya kumleta farasi wa namna hiyo nyumbani.

"Nyasi ni za bure"

Machi, ndiyo. Agosti nyasi za porini ni makapi, na moto wa msituni umeshapita. Farasi wa kilo 400 anakula kilo 8 za nyasi kavu kwa siku. Siku 180 za kiangazi ni kilo 1,440, kwa mmoja. Zikatwe mvua zinapokaribia kuisha, zingali kijani, zikauke vizuri, ziwekwe juu ya mbao. Asiye na stoo iliyojaa mwezi wa Juni asipokee farasi mwezi wa Julai.

"Ugonjwa wa farasi wanaambukizana, mtenge tu"

Ugonjwa huo, tauni ya farasi ya Afrika, huletwa na usubi anayeuma kuanzia machweo hadi alfajiri. Kutenga bila kuzuia usubi ni bure. Farasi waingie ndani kabla jua halijazama, watoke likishapanda, madirisha yawe na wavu mwembamba. Chanjo ipangwe na daktari wa mifugo kabla ya mvua. Ile ya Afrika Kusini hutolewa kwa dozi mbili, zikiachana wiki 3 au zaidi. Ukiona uvimbe juu ya macho au povu puani, piga simu saa ile ile.

"Kumpanda farasi kutarudisha miguu"

Hapana. Kupanda kunaweza kusaidia kukaa wima na kulegeza misuli iliyokaza, chini ya macho ya mtaalamu wa kinesi, yaani tiba ya mazoezi ya viungo. Uti uliokatika haurudi. Tena mifupa ya miguu iliyopooza hupungua ugumu mwaka hadi mwaka na inaweza kuvunjika bila maumivu yoyote ya kukuonya. Farasi aliyetoka kuokolewa ndiye wa mwisho kupandwa.

"Kiwanja ni kiwanja"

Hapa kwetu sivyo. Kinu cha shaba kilianza kazi mwaka 1911, na upepo ulipeleka moshi wake kaskazini-magharibi, upande wa Penga Penga. Ardhi huko ina shaba, kobalti, zinki na risasi. Farasi anang'oa majani pamoja na udongo, na risasi humpooza koo hadi akivuta pumzi anakoroma. Kiwanja cha bei rahisi chenye mabaka yasiyoota hata jani, pitia na uende.

"Anza na wengi ili wafadhili waone"

Anza na wawili. Mmoja pekee anateseka kwa upweke, na watatu wanahitaji mfanyakazi wa pili. Mshahara wa mtunza farasi wa miezi 6 uwe mkononi kabla ya kamba ya kwanza kununuliwa.