Je, wajua unyoya usio na uzito huvukaje mto?

Nilipousikia kwanza uvuvi wa nzi, mimi mtoto wa Kisumu niliwaza sami, wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama wingu la moshi na kujaa kwenye taa za veranda. Nikaamini kwamba mvuvi humkamata nzi, humtunga kwenye ndoano angali hai, kisha humrusha majini. Niliamini hivyo miaka mingi, na nimekutana na wengi wanaoamini hivyo hadi leo.

Hakuna nzi. Kuna ndoano ndogo iliyozungushiwa uzi, manyoya ya shingo ya jogoo na pengine nywele za mnyama, hadi ikafanana na mdudu. Mara nyingi hata haiigi mdudu anayeruka, bali lava, yaani mdudu mchanga, anayeishi chini ya maji, kwa kuwa huko ndiko samaki anayewindwa, trauti, anakopata sehemu kubwa ya chakula chake. Hapa Kenya kuna mafundi wanaozifunga ndoano hizi kwa mkono, zikauzwa Ulaya na Marekani. Trauti mwenyewe ni mgeni. Mayai yake yaliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905, yakapandwa Mto Gura kule Aberdare. Upande wetu, anaishi katika mito baridi inayotoka msitu wa Mau, kama Kiptiget karibu na Kericho.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza: nilidhani kinachorushwa ni huyo nzi wa manyoya.

Pale Dunga, ufukweni Kisumu, mvuvi wa mshipi hurusha chubwi. Kile kipande cha madini ya risasi ndicho kinachoruka, na mshipi pamoja na chambo hufuata kama mkokoteni nyuma ya punda. Ondoa chubwi, funga unyoya, urushe kwa nguvu zako zote: utaanguka karibu na miguu yako. Basi unyoya huo huvukaje mto?

Uzito haukuondolewa, umetandazwa ndani ya mshipi. Mshipi wa uvuvi huu ni mnene na umevikwa plastiki. Katika ule wa namba 5, unaotumika sana kwa trauti, mita 9 za mwanzo zina uzito wa gramu 9 hivi, yaani gramu moja kwa kila mita. Mvuvi hurusha mshipi. Nzi ni abiria.

Chukua mkeka ulioviringishwa, kanyaga ncha moja, usukume ujikunjue sakafuni. Sehemu iliyokwisha kutandikwa imetulia tuli. Kinachokwenda ni lile bunda la mbele, nalo linazidi kupungua hadi ncha ya mwisho ilale chini. Mshipi hufanya vivyo hivyo hewani. Mvuvi anaposimamisha ghafla ufito wake wa kuvulia, mshipi hujikunja kama herufi U iliyolazwa ubavu. Upande wa chini umeshikwa na ufito. Upande wa juu unakimbia mbele, na kila unapokimbia unazidi kuwa mfupi. Nguvu ya mkono inabaki kwa kipande kidogo zaidi na zaidi. Mfano wa mkeka haufiki mbali sana, kwani hewa nayo hula sehemu kubwa ya mwendo huo. Lakini hata hasara hiyo ina faida: nzi anafika akiwa amechoka, anatua bila kumshtua samaki.

Ila mshipi hauendi mbele kabla ya kwenda nyuma, tena lazima unyooke kabisa huko nyuma. Gari likikwama matopeni na kamba ya kulivuta imelegea, dereva anayevuta hukaza kamba tu, gari halisogei. Mshipi uliolegea hukuibia nguvu vivyo hivyo. Ukiukimbiza, hulia kama mjeledi na nzi hukatika.

Nilikata nzi watatu asubuhi moja kando ya Kiptiget. Mzee aliyekuwa akinifundisha hakusema lolote kuhusu mkono wangu. Alisema, "Kijana, mshipi bado uko nyuma. Ungoje." Kadiri unavyotaka kufika mbali ndivyo unavyotoa mshipi mrefu zaidi, na mrefu huchukua muda zaidi kunyooka. Anayelenga ng'ambo husubiri kuliko anayelenga hapa karibu, tena husubiri kitu kilicho mgongoni mwake.

Wavuvi wengi husema uvuvi huu huwatuliza na kuwafanya watafakari. Huo ni ushuhuda wao, si kipimo cha maabara. Mimi naona sababu iko hapo kwenye kusubiri: kwa sekunde ile moja mkono hauna kazi, macho hayana cha kutazama, na ukiwaza jambo jingine lolote mshipi unaanguka.

Mara ya nne niliungoja. Nzi akatua karibu na jiwe la ng'ambo, kimya, na maji yakamchukua kuelekea Mto Sondu, maji yale yale yanayoishia kwenye ziwa letu.